Milisekunde 200 za kungojana

Simu kutoka Mwanza ilikuwa ikiingia kila siku ya mwisho ya mwezi, mnamo saa mbili usiku, nami sikuhitaji kutazama namba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado inatuma. Nimeianza saa moja na robo, sasa hivi imefika elfu kumi na kitu."

Elfu kumi kati ya elfu thelathini. Mama huyo alikuwa mfamasia wa tawi la kampuni moja ya kusambaza dawa, na mimi nilikuwa fundi wa mifumo makao makuu, Dar es Salaam. Utaratibu ulitaka kila tawi lifunge hesabu za mwezi kwa kutuma rekodi zote za mauzo kwenye seva yetu, moja baada ya nyingine, na mwenye dhamana ya duka asiondoke mpaka programu iseme imekamilika. Mama wa watu, aliyesimama kaunta tangu asubuhi, alibaki na mlinzi mpaka baada ya saa tatu akitazama namba zinavyopanda. Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililonisukuma kujifunza ninayoyaeleza hapa.

Ilikuwa mwaka 2010. Julai ya mwaka uliotangulia mkongo wa intaneti wa SEACOM, upitao chini ya bahari, ulikuwa umetua Dar es Salaam. Kabla yake tulitegemea setilaiti, chombo kilichokaa kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, na swali moja dogo kwenda na jibu lake kurudi kulikula zaidi ya nusu sekunde. Sisi mafundi tuliolelewa na dishi tulitoka kule na imani moja: kitu kikienda polepole, laini ni nyembamba, nunua laini nene. Basi tukaipandisha laini ya Mwanza kutoka kilobiti 256 hadi megabiti 1 kwa sekunde. Mwisho wa mwezi ukafika, simu ikalia saa mbili, rekodi zilikuwa elfu kumi na kitu. Hakuna hata dakika moja iliyopungua.

Nikafungua grafu za rauta. Wakati wote wa kutuma, laini ile haikutumika hata asilimia mbili. Fedha ya kila mwezi ilikuwa inalipia barabara isiyopita gari.

Mwezi uliofuata yule mama aliniambia neno ambalo nililipokea kwa adabu na kulisahau. "Mwanangu, mimi nazitazama hizi kila mwezi. Ankara kubwa za hospitali zinapita chap. Hizi ndogondogo za kaunta, mtu kanunua vidonge kumi, ndizo zinazokwama." Nilimjibu kwamba nitaangalia. Moyoni nilisema haiwezekani: kitu kikubwa kitapitaje haraka kuliko kidogo kwenye bomba lilelile? Nilipoteza wiki tatu nzima kwa kutolichukua lile neno kama ushahidi. Mtu anayekaa mbele ya mashine kila siku anaona mambo ambayo grafu ya wastani inayafuta.

Hatimaye nikaleta kompyuta mbili mezani kwangu, moja yenye programu ya tawi na nyingine yenye programu ya seva, nikaziunganisha kwa waya mmoja wa mita mbili. Nilipopiga pingi, yaani kutuma ujumbe mdogo wa kupima muda wa kwenda na kurudi, jibu lilirudi chini ya milisekunde moja. Hapakuwa na Mwanza wala laini ya mtu yeyote kati yao. Nikaanza kutuma. Rekodi tano kwa sekunde. Tano! Kompyuta zote mbili zilikuwa zimepoa, prosesa hazina kazi, diski kimya. Hapo ndipo nilipoamini kwamba hakuna aliyekuwa anafanya kazi polepole. Kuna mtu alikuwa anangoja.

Nikawasha Wireshark, programu inayoonyesha kila kinachopita kwenye mtandao, na kuitazama safu ya muda. Pakiti ya kwanza, yaani kifurushi cha kwanza cha data, sifuri. Kisha pengo la sekunde 0.2. Pakiti nne zikafuatana papo hapo. Kisha tena 0.2. Ukurasa mzima hivyo hivyo, kama saa ya ukutani. Mtandao wenye msongamano huwa haupigi hesabu safi namna hiyo. Muda wake hupanda na kushuka. Ukiona milisekunde 200 zinazojirudia bila kuyumba, ujue kuna mtu aliyeiandika namba hiyo ndani ya programu fulani. Niliyemkuta ni mfumo endeshi wenyewe, yaani Windows.

Nieleze polepole, maana hata waandishi wa programu wazuri huwa hawajapata kuliona jambo hili.

Ukituma mzigo kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, hutulii mpaka uliyemtumia apige simu kusema amepokea. TCP, itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta) inayobeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, hufanya hivyo hivyo. Kila baiti ina namba, na anayepokea hurudisha stakabadhi, ile tunayoiita ACK, yenye maana ya "nimepata mpaka baiti namba fulani". Stakabadhi isipofika, mtumaji anatuma upya. Tena kazi hii haifanywi na programu yako. Programu huweka baiti mezani kwa mfumo endeshi na kugeukia mambo mengine. Kufunga pakiti, kuipeleka, kuandika stakabadhi na kuipokea ni kazi ya keneli, kiini cha mfumo endeshi. Kwa sababu programu haizioni kamwe stakabadhi hizo, aliyeiandika huzisahau kabisa.

Sasa stakabadhi tupu ina gharama yake: baiti 40 za anwani na namba, ndani hamna kitu. Mwaka 1982 David Clark wa MIT aliandika katika waraka wa RFC 813, mmoja wa nyaraka zinazoeleza kanuni za intaneti, kwamba mpokeaji asiwe na pupa ya kuzituma. Akisubiri kidogo, huenda programu yake ikawa na jibu la kurudisha, na stakabadhi ikapanda gari moja na jibu hilo. Oktoba 1989 waraka wa RFC 1122 ukaweka mipaka: kuchelewesha kunaruhusiwa, ila kusifike nusu sekunde, na pakiti kamili zikija mfululizo itolewe angalau stakabadhi moja kwa kila mbili. Ndani ya mipaka hiyo kila mfumo endeshi ulichagua namba yake. Unix ya BSD ilitumia milisekunde 200. Windows tuliyokuwa nayo, 200. Linux huanza na 40.

Upande wa pili kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akitibu ugonjwa wa jirani. John Nagle, akiwa Ford Aerospace, aliandika RFC 896 Januari 1984. Tatizo lake lilikuwa watu wanaochapa herufi mojamoja kwenye kompyuta ya mbali: herufi ya baiti 1 inavikwa baiti 40, inasafiri pakiti ya 41. Mtandao ulijaa maganda. Kanuni yake ni fupi na mimi naiona nzuri sana: kama umeshatuma kitu ambacho stakabadhi yake haijarudi, na ulichonacho sasa hakijazi pakiti, tulia. Ngoja stakabadhi ije au pakiti ijae.

Zote mbili ni busara. Ziweke kwenye waya mmoja uone.

Programu yetu ilikuwa ikituma kila rekodi kwa mikupuo miwili: kwanza kichwa cha baiti 16 kinachosema rekodi ina ukubwa gani, kisha rekodi yenyewe, baiti kama 120. Kichwa kikaondoka mara moja. Rekodi ikashikwa na kanuni ya Nagle, kwa kuwa stakabadhi ya kichwa haijarudi na baiti 120 hazijazi pakiti ya 1,460. Kule kwenye seva keneli imepokea kichwa, imekipeleka kwa programu, na sasa inachelewesha stakabadhi kwa matumaini kwamba programu itajibu. Programu itajibu nini, na imepewa kichwa bila mwili? Inangoja rekodi. Rekodi inangoja stakabadhi. Stakabadhi inangoja jibu. Wamesimama mlangoni kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia, mpaka ile saa ya milisekunde 200 inapokwisha ndani ya keneli na stakabadhi kutoka peke yake. Ndipo rekodi inaachiwa, jibu linarudi, na mchezo unaanza upya kwa rekodi ya pili. Elfu thelathini za namna hiyo, pamoja na safari ya kwenda na kurudi Mwanza, ndizo saa mbili na ushee za yule mama.

Na neno lake? Nililikumbuka pale pale, nikaona aibu ya kweli. Ankara ya hospitali yenye mistari ishirini na kitu ilifika baiti 2,000. Sehemu yake ya kwanza ilijaza pakiti nzima, na kanuni ya Nagle haizuii pakiti iliyojaa. Ikafika kwenye seva ikiwa pakiti ya pili baada ya kichwa, na pakiti ya pili humlazimisha mpokeaji kutoa stakabadhi bila kungoja. Stakabadhi ikarudi, mkia wa ankara ukaachiwa. Kweli kubwa zilipita chap na ndogo zikakwama, kama alivyosema, neno kwa neno. Nilimpigia kumwambia hivyo kabla sijamwambia mkurugenzi.

Kabla ya kufika hapo tulishakosea njia moja nyingine ambayo naona watu wakiirudia mpaka leo. Mwenzangu ofisini aliijaribu seva ileile kwenye Linux, akapata rekodi 25 kwa sekunde badala ya tano. Akaja mbio: "Kaka, Linux ni mara tano! Tuhame." Tulikaribia kuhama kweli. Gawanya sekunde moja kwa milisekunde 40, utapata 25. Igawe kwa 200, utapata tano. Ugonjwa ulikuwa uleule, ila Linux inangoja kwa muda mfupi zaidi. Mimi naipenda Linux na ndiyo ninayoitumia, lakini kuhama kwa sababu hiyo kungetuachia kasoro ndani ya nyumba mpya, na tungeridhika nayo miaka mingi kwa kuwa imepungua makali.

Dawa zilikuwa kadhaa. Ya kwanza niliyoitumia, usiku uleule, ilikuwa kubadili rejista ya Windows, hifadhi ya mipangilio yake, kwenye seva, kipengele cha TcpAckFrequency, ili stakabadhi itolewe kwa kila pakiti. Ilifanya kazi. Miezi michache baadaye seva ikasimikwa upya na mtu ambaye hakujua habari hiyo, na simu ya Mwanza ikaanza tena kulia saa mbili. Dawa iliyofichwa kwenye mpangilio wa mashine moja hufa na mashine hiyo.

Ya pili ni ile inayopendwa na wengi: kuizima kanuni ya Nagle kwa chaguo la soketi (mlango ambao programu hutumia kuingia kwenye mtandao) liitwalo TCP_NODELAY. Siku hizi lugha ya programu ya Go huizima yenyewe pasipo kuulizwa. Tuliijaribu, na rekodi zikaenda vizuri. Lakini programu yetu ilikuwa na sehemu nyingine, ya kupeleka lebo kwenye printa za stoo, iliyoandika herufi mojamoja kwenye soketi. Tulipoizima kanuni kila mahali, sehemu hiyo ikaanza kumwaga pakiti za baiti 41 kwa mamia, maganda yaleyale aliyoyapiga vita Nagle mwaka 1984. Kwa Linux ipo pia TCP_QUICKACK inayomharakisha mpokeaji, ila haikai: keneli inaweza kuirudisha katika hali ya zamani muda wowote, hivyo programu hulazimika kuiweka tena kila baada ya kupokea.

Dawa iliyobaki ilikuwa ya mistari minne ya programu. Tuliunganisha kichwa na mwili ndani ya bafa moja, yaani sehemu moja ya kumbukumbu, tukaziandika kwa mkupuo mmoja. Basi. Hakuna mpangilio wa mfumo endeshi ulioguswa. Nagle mwenyewe ameandika zaidi ya mara moja kwamba tatizo halisi liko kwenye saa ile ya kuchelewesha stakabadhi, na kwamba anayeumia hasa ni programu inayoandika mara mbili kisha ikasoma. Sisi tulikuwa tunaandika mara mbili kisha tunasoma.

Mwezi huo Mwanza ilituma rekodi 30,000 kwa dakika kumi na saba. Mkurugenzi alifurahi akasema kazi imekwisha. Sikuona hivyo. Kwenda na kurudi Mwanza kulichukua milisekunde kama 35, na programu ilikuwa bado inatuma rekodi moja, inangoja jibu, ndipo inatuma nyingine. Zidisha 35 kwa elfu thelathini: dakika kumi na saba na nusu, zote za safari. Tukaibadili itume mafungu ya rekodi mia moja na kupokea jibu moja kwa kila fungu. Kazi nzima ikashuka hadi kama dakika moja, na kwa mara ya kwanza grafu ya laini ikagusa juu. Sasa tulikuwa tunaitumia ile megabiti tuliyokuwa tukiilipia.

Mama alinipigia siku hiyo saa moja na dakika ishirini. Nilishtuka, nikadhani imeharibika.

"Imesema imekamilika," aliniambia. "Niiamini?"

Nikafungua seva, nikahesabu naye rekodi ya kwanza na ya mwisho. Zilikuwa zote. Akaniombea kwa Mungu, akafunga duka, akawahi daladala.

Tangu hapo nimekuwa nikizitazama stakabadhi popote ninapokwenda. Tawi la Mbeya lilikuwa na laini isiyolingana pande mbili, megabiti 4 za kupakua na kilobiti 256 za kupakia, na lilidorora kila asubuhi hata watu wasipopakua kitu kizito. Kumbe asubuhi ndipo kamera za ulinzi zilipopandisha picha za usiku. Stakabadhi za vinavyopakuliwa hupitia njia ya kupakia. Kwa megabiti 4, ukihesabu stakabadhi moja kwa kila pakiti mbili, hutoka karibu 167 kwa sekunde, nazo zinakula kama kilobiti 53, moja ya tano ya njia yote. Zikikaa foleni nyuma ya picha, mtumaji wa mbali hazioni, na asiyeona stakabadhi hupunguza mwendo. Van Jacobson alilieleza hilo mwaka 1988, baada ya msongamano wa Oktoba 1986 ambapo njia kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu jirani ilishuka kutoka kilobiti 32 hadi biti 40 kwa sekunde: stakabadhi zinazorudi ndizo mapigo ya moyo ya mtumaji. Tulizihamishia picha saa nane usiku, tukazipa stakabadhi kipaumbele kwenye rauta. Laini haikuongezwa.

Lililonikumbusha upya ni la mwaka 2013, na halikuhusu saa wala Nagle. Kila usiku tulituma nakala ya akiba ya gigabaiti 4 kwenye seva ya kukodi jijini London. Laini yetu ilikuwa megabiti 10. Ilipaswa kumaliza kwa chini ya saa moja, nayo ikachukua saa tatu, kila siku, bila kuyumba. Ule uthabiti wa namba ulinitia shaka mara moja.

Mtumaji wa TCP haruhusiwi kuachia baiti zisizo na stakabadhi kupita kiasi alichotangaza mpokeaji, kinachoitwa dirisha. Katika TCP ya asili nafasi ya kuandika dirisha ni biti 16, kwa hiyo haliwezi kuzidi baiti 65,535. Nyongeza ya kulitanua ilikuja mwaka 1992 na RFC 1323, na mifumo endeshi ya sasa hulitanua yenyewe kadiri ya safari. London na kurudi ilikuwa milisekunde 180. Baiti 65,535 kwa kila milisekunde 180 ni kilobaiti 364 kwa sekunde, hata ukipewa mkongo mzima uwe wako. Gigabaiti 4 kwa mwendo huo ni saa tatu. Kwa nini Linux haikulitanua? Nikaupekua mpango wa kutuma nakala, nikakuta mistari miwili iliyoweka bafa za soketi kwa mkono: kilobaiti 64. Ukishaziweka kwa mkono, keneli inakuachia uamuzi wako na kuacha kujirekebisha.

Kabla ya kufuta nilimtafuta mzee aliyeuandika mpango ule, aliyekuwa fundi mkuu kabla yangu na sasa amestaafu. Sikutaka kuvunja kitu nisichokielewa.

"Shikamoo mzee. Ile kilobaiti 64 kwenye mpango wa akiba, uliiweka kwa sababu gani?"

"Marahaba. Ile?" Alikumbuka bila kufikiri sana. "Tulikuwa na kilobiti 512, na safari milisekunde 600. Dirisha la mwanzo lilikuwa dogo mno, laini ikawa haijai. Kwa 64 unapata kilobaiti 109 kwa sekunde, na laini ilikuwa inahitaji 64 tu. Ikatosha na kubaki." Akanyamaza kidogo. "Lakini dishi si mlishalishusha pale juu?"

"Tulilishusha mzee, zamani."

"Basi futa, mwanangu. Ile ilikuwa ya dishi."

Nikaifuta. Usiku ule nakala ilimaliza kwa dakika 55.